Mchango na Mkutano: Shule za Msingi za Umma na Wazazi Wake, Tanzania Bara, 1923–2018

Utangulizi

Mwezi Januari 2018 Rais John Magufuli aliagiza kwamba mwanafunzi wa shule ya umma asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango wa aina yoyote, na kwamba walimu wasijihusishe tena na ukusanyaji wa fedha za wazazi. Mzazi mwenye nia ya kuchangia alielekezwa kwa mkurugenzi wa halmashauri. Wakati huo elimumsingi bila malipo ilikuwa na umri wa miaka miwili. Kaya nyingi zilipata nafuu, nayo haikuwa nafuu ndogo: mtoto aliyerudishwa nyumbani kufuata fedha za mlinzi au za mtihani wa majaribio hakurudi darasani siku hiyohiyo, na wapo ambao hawakurudi kabisa. Lakini palikuwa na upande wa pili. Kamati ya shule iliyokuwa na boma la darasa lisiloezekwa ilijikuta haina ajenda ya kuwaitia wazazi, na wazazi nao hawakuona sababu ya kuitika wito usiowahusu.

Katika Kiswahili neno mchango lina nyuso mbili. Anayetoa fedha anachangia, na anayesimama kusema katika mkutano naye anachangia. Katibu wa kamati huandika katika muhtasari kwamba mjumbe fulani alichangia hoja, kisha katika ukurasa unaofuata huorodhesha kaya zilizochangia matofali. Insha hii inadai kwamba nyuso hizo mbili hazikukutana katika neno kwa bahati tu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 shule ya msingi ya umma iliwaita wazazi wake ilipohitaji mali au nguvu zao, na wazazi walipata haki ya kuuliza kwa sababu walikuwa wametoa. Kila mara serikali ilipoondoa mchango wa kwanza, iliwaondolea maskini mzigo mzito, na bila kukusudia ilidhoofisha mchango wa pili. Mahali pa mkutano pakachukuliwa na waraka na ubao wa matangazo, vitu ambavyo husomwa lakini haviulizwi.

Ieleweke mapema kwamba Tanzania Bara haina bodi ya elimu ya wilaya inayochaguliwa na wananchi kwa ajili ya shule peke yake, kama ilivyo katika baadhi ya nchi. Mmiliki wa shule za msingi za umma ni halmashauri, na halmashauri hiyohiyo inashughulika na zahanati, visima, barabara za vijijini na ushuru wa mazao. Diwani mmoja husemea yote hayo. Ndiyo maana chombo pekee ambacho mzazi hukaa ndani yake kama mzazi, si kama mpiga kura au mlipa ushuru, ni kamati ya shule pamoja na mkutano unaoichagua. Historia ya mawasiliano kati ya shule na jamii ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya kile kilichowezekana kusemwa katika mkutano huo.

Idara inayosema, wazee wanaoulizwa

Mawasiliano ya shule za serikali na umma yalianza kwa maandishi kabla ya kuanza kwa vikao. Shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga ilikuwa na mtambo wake wa uchapaji, na hapo ndipo lilipotoka gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Waingereza walipochukua nchi, Idara ya Elimu ya Tanganyika chini ya mkurugenzi wake wa kwanza, Stanley Rivers-Smith, ilianzisha gazeti la mwezi, Mambo Leo, Januari 1923. Humo mlikuwa na habari za serikali, mafunzo ya kilimo na usafi, hadithi, mashairi na barua za wasomaji. Wasomaji walikuwa wachache kuliko wasikilizaji, kwa kuwa mwalimu au karani mmoja aliweza kuwasomea wengi, na kwa njia hiyo gazeti lilifika mbali kuliko hesabu ya nakala zake.

Barua za wasomaji zilikuwa mlango wa kujibu, ingawa bawabu wa mlango huo alikuwa idara yenyewe. Mwenye malalamiko juu ya shule aliandika kwa ofisi iliyosimamia shule. Hata hivyo haifai kuudharau mlango huo. Kwa mara ya kwanza watu wa Bukoba, Tanga na Songea waliweza kusomana, wakagundua kwamba hamu ya shule haikuwa ya kwao peke yao.

Jaribio la kuwauliza wazee ana kwa ana lilifanyika Malangali, katika jimbo la Iringa, tangu mwaka 1928. W. Bryant Mumford, aliyeisimamia shule hiyo, aliamini kwamba elimu ya Mwafrika ijengwe juu ya mila zake. Wazee waliitwa kueleza malezi ya vijana yalivyokuwa, na baadhi yao wakaletwa shuleni kufundisha desturi, ngoma na matumizi ya mkuki. Wanafunzi walivaa mavazi yaliyofikiriwa kuwa ya asili. Kwa mtazamo wa leo jaribio hilo laweza kuonekana kama ushirikishwaji wa jamii kabla neno hilo halijabuniwa, na waandishi kadhaa wa historia ya elimu wamelisifu kwa sababu hiyo.

Sifa hiyo inahitaji kupunguzwa kidogo. Wazee waliulizwa walikuwa wakifundisha nini zamani. Hawakuulizwa kwanza wanataka watoto wao wawe nani. Maswali hayo mawili ni tofauti sana. Katika miaka ya 1920 mzee mwenye kijana mmoja wa kumpeleka shule alikuwa ameshaona karani akilipwa mshahara, mkalimani akisikilizwa na bwana shauri, na mwalimu akivaa viatu. Mkuki aliweza kumfundisha kijana wake mwenyewe nyumbani, bila shule. Alichokosa nyumbani kwake ni kusoma, kuhesabu na Kiingereza. Mumford alipoondoka mwelekeo wa shule ulibadilika, na Malangali ikaja kujulikana kama shule ya sekondari ya kawaida, yenye heshima kubwa katika nyanda za juu kusini. Hakuna dalili kwamba wazazi waliomboleza kuondolewa kwa mikuki.

Sehemu ambako wazazi walikuwa na fedha, mazungumzo yalikuwa ya aina nyingine. Kilimanjaro na Bukoba zilikuwa na kahawa. Chama kikuu cha ushirika cha KNCU, kilichoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, pamoja na baraza la Wachagga, viliweza kusimama mbele ya serikali na misheni vikiwa na fungu mkononi. Mkulima aliyekatwa senti katika kila ratili ya kahawa kwa ajili ya shule hakuhitaji kuulizwa anataka nini, alisema mwenyewe. Tofauti ya wilaya zenye zao la biashara na zile zisizo nalo ilianzia hapo, na haijafutika mpaka leo.

Shule za wazazi wenyewe

Katika miaka ya 1950 nafasi za shule zilikuwa haba na chujio la darasa la nne lilikuwa kali. Mwaka 1955 ikaundwa Tanganyika African Parents Association, iliyojulikana kwa kifupi kama TAPA. Ilishikamana na TANU, na kazi yake kubwa ilikuwa kufungua shule pale ambapo serikali na misheni hazikufika. Nyingi zilikuwa vibanda vya miti na udongo. Walimu wake hawakuwa na cheti, au walikuwa wamemaliza darasa la nne tu. Serikali ya kikoloni ilizitazama kwa mashaka, kwanza kwa ubora wake hafifu, na pili kwa sababu ya chama kilichosimama nyuma yake.

Kwa mada ya insha hii TAPA ina umuhimu usiolingana na udogo wa majengo yake. Katika shule ya TAPA mzazi na mwenye shule walikuwa mtu mmoja. Aliyekata miti ndiye aliyemtafuta mwalimu, na ndiye aliyeona mwalimu akilewa au fedha ikipotea. Hapakuhitajika mpango wa mawasiliano. Ugomvi ulikuwepo, tena mwingi, lakini ulikuwa ugomvi wa watu wenye mali moja.

Uhuru ulileta mpangilio mpya. Sheria ya elimu ya mwaka 1961, iliyoanza kutumika Januari 1962, iliunganisha shule zilizokuwa zimetengwa kwa rangi na kuzikabidhi shule za msingi kwa mamlaka za wilaya. Sheria ya mwaka 1969 ikaziweka chini ya serikali shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku. TAPA yenyewe iliingizwa zaidi katika mfumo wa chama, hadi mrithi wake akawa Jumuiya ya Wazazi ya CCM. Neno wazazi likawa jina la jumuiya ya kisiasa yenye katibu wa mkoa na katibu wa wilaya. Ni mabadiliko ambayo hayajapewa uzito unaostahili: chombo kilichozaliwa ili wazazi waidai serikali kilikuwa sasa sehemu ya walioshika serikali.

Shule na kijiji

Machi 1967 Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Shule iwe na shamba, iwe sehemu ya jamii, na elimu ya msingi iwe kamili yenyewe badala ya kuwa ngazi ya kupandia sekondari. Miaka minne baadaye, 1971, kijiji cha Kwamsisi mkoani Tanga kilichaguliwa kuwa mahali pa kujaribia shule ya jamii, kikisaidiwa na Chuo cha Ualimu Korogwe. Uongozi wa kijiji na wa shule ulikusudiwa kukaa pamoja, na masomo yatokane na kazi za kijiji. Baadaye mawazo ya Kwamsisi yalienezwa katika maeneo mengine kwa msaada wa UNICEF na UNESCO.

Ukiisoma Kwamsisi sambamba na Malangali, jambo moja linajitokeza licha ya tofauti kubwa ya itikadi. Mwingereza wa 1928 alitaka shule irudi kwenye mila, na Mtanzania wa 1971 alitaka shule ishuke kwenye jembe. Wote wawili walisema wanafanya hivyo kwa ajili ya jamii, na wote wawili walikumbana na wazazi waliokuwa na shauku ya cheti. Nchini kote wazazi walilalamika kwamba watoto walitumika shambani saa ambazo walipaswa kuwa darasani. Walijua vizuri kwamba nafasi za sekondari zilikuwa chache mno na kwamba mtihani wa darasa la saba haukuuliza habari za palizi. Maafisa waliandika malalamiko hayo kama kasumba ya kikoloni. Huenda ilikuwa kasumba. Pia ilikuwa hesabu sahihi iliyofanywa na mtu aliyeona watoto wa maafisa haohao wanasoma wapi.

Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 1973. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuazimia kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote kufikia mwaka 1977, mapema kuliko ilivyopangwa awali. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 1.2 mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3 mwaka 1980. Madarasa hayo hayakujengwa na Hazina. Yalijengwa na vijiji, kwa matofali ya kufinyanga, kwa mchanga uliobebwa na akina mama, kwa miti na nyasi. Ada ilikuwa imeondoka, na mchango wa nguvu ukachukua nafasi yake.

Wakati huohuo njia za kusemea zilikuwa zimebadilika. Halmashauri za wilaya za vijijini zilivunjwa mwaka 1972 katika kile kilichoitwa madaraka mikoani. Shule zikawa chini ya wakurugenzi wa maendeleo wa wilaya walioteuliwa kutoka juu, na madiwani wakabaki na sauti ya kushauri zaidi kuliko ya kuamua. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 iliipa kila serikali ya kijiji kamati ya elimu, utamaduni na ustawi wa jamii. Habari zilishuka kupitia balozi wa nyumba kumi, mkutano wa kijiji na redio. Redio ilikuwa na nguvu ya pekee: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwaweka mamilioni ya watu wazima katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, na baadhi ya mafunzo ya walimu wa UPE yaliendeshwa kwa redio na kwa njia ya posta.

Kwa hiyo upanuzi mkubwa kuliko wote katika historia ya elimu nchini ulifanyika wakati ambapo wilaya haikuwa na baraza lenye meno. Je, wazazi walikuwa kimya? La. Walisemea mahali walipokuwa wanafanya kazi. Mkutano wa kijiji wa kupanga zamu za kufyatua matofali ulikuwa pia mkutano wa kuuliza kwa nini mwalimu hayupo, kwa nini mabati yaliyoahidiwa hayajafika, na kwa nini kitongoji cha mwenyekiti kimesamehewa zamu. Wapare na Wasambaa waliiita kazi ya aina hii msaragambo, nayo ilikuwa na taratibu za zamani kuliko chama na serikali: mwenye kuikimbia alitozwa faini, na mwenye kuifanya alikuwa na haki ya kunena.

Miaka ya mgambo

Halmashauri za wilaya zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 na kuanza kazi 1984, nchi ikiwa katika dhiki. Pamoja nazo ilirudi kodi ya kichwa kwa jina la kodi ya maendeleo, na katikati ya miaka ya 1980 malipo ya shule za msingi yakarudi yakiitwa mchango wa UPE. Jina hilo lina kejeli ambayo sidhani waliolibuni waliikusudia: elimu kwa wote ilipata karo yenye jina lake. Juu ya malipo hayo ya kitaifa kila shule iliongeza yake, ya dawati, ya mlinzi, ya chaki, ya ukarabati.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Katika methali hiyo mgambo ni tangazo linalowakusanya watu. Kufikia miaka ya 1990 neno hilo vijijini lilimaanisha kijana mwenye rungu anayefuatana na mtendaji kukamata wasiolipa. Mzazi aliyeitwa shuleni hakujua kama anaitwa kujadili au kukamatwa, na wengi waliona busara kutokwenda. Mchango uliolazimishwa haukumpa mtu haki ya kunena. Ulimpa sababu ya kujificha. Uandikishaji, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikaribia asilimia 100, mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 80.

Hapa hoja ya insha hii inahitaji mpaka. Si kila fedha inayotoka mfukoni kwa mzazi huzaa sauti. Matofali ya Musoma yalizaa sauti kwa sababu yalionekana: kaya ilijua imefyatua mangapi na ukuta umefika wapi. Mchango wa UPE uliondoka kijijini kwenda wilayani, na hakuna mwanakijiji aliyeweza kuunyooshea kidole mahali ulipo.

Ubao wa matangazo

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, uliotekelezwa kati ya mwaka 2002 na 2006, ulikuja na jibu kwa tatizo hilohilo. Malipo ya lazima yalifutwa mwaka 2001. Badala yake serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na misaada ya nchi wahisani, iliahidi ruzuku ya uendeshaji yenye thamani ya dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, pamoja na ruzuku ya maendeleo ya kujengea madarasa. Kamati za shule zilipewa akaunti za benki na wajibu wa kuandaa mpango wa shule. Mwenyekiti alitoka kwa wazazi, na mwalimu mkuu akawa katibu. Mapato na matumizi yalitakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo ili kila mtu ayaone. Wanafunzi waliongezeka kutoka milioni 4.8 mwaka 2001 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005.

Hakuna kipindi kingine ambacho karatasi nyingi hivyo zilielekezwa kwa wazazi. Tatizo lilikuwa katika mantiki ya ubao wenyewe. Ubao ulionyesha kilichopokelewa. Mzazi aliyesoma kwamba shule imepokea kiasi fulani hakuwa na njia ya kujua ilipaswa kupokea kiasi gani, wala nani wa kumuuliza kuhusu pengo. Mwalimu mkuu naye hakujua, kwa kuwa fedha zilikuja kwa vipande na bila ratiba. Ufuatiliaji wa matumizi ya umma uliofanywa katika miaka hiyo ulionyesha kwamba sehemu ya ruzuku haikufika shuleni. Swali la mzazi lilihitaji kupanda hadi wilayani na Hazina, na ngazi za kupandia hazikuwekwa. Kamati iliyokuwa na akaunti ilikuwa na mamlaka juu ya kilichofika, basi.

Aliyejaribu kuuliza kwa sauti ya kitaifa alipata somo lake. HakiElimu, asasi iliyoanzishwa mwaka 2001 kwa lengo la kuwawezesha wananchi kushiriki katika masuala ya elimu, ilichapisha muhtasari wa utekelezaji wa MMEM ulioegemea tathmini zilizofanywa kwa ajili ya serikali yenyewe. Mwaka 2005 wizara yenye dhamana ya elimu iliipiga marufuku kufanya utafiti na kuchapisha habari kuhusu shule. Mgogoro huo ulimalizwa kwa mazungumzo na ofisi ya Waziri Mkuu mapema mwaka 2007. Mpango uliohimiza uwazi katika ubao wa kila shule ulikosa uvumilivu pale uwazi uleule ulipojumlishwa na kuwa picha ya nchi. Waliosimamia MMEM walikuwa na hoja yao: mafanikio ya uandikishaji yalikuwa makubwa kweli, na waliona yanachafuliwa katika mwaka wa uchaguzi. Hata hivyo marufuku ilifundisha ngazi za chini jambo ambalo hakuna mafunzo ya kamati yaliyoweza kulifuta, kwamba kuuliza habari za fedha ya shule ni kutafuta ugomvi na serikali.

Bure

Ruzuku ilipopungua thamani, michango ilirudi kimyakimya katika miaka iliyofuata, safari hii kwa uamuzi wa kamati na mikutano ya shule. Baadhi ya mikutano hiyo ilikuwa ya kweli, na mingine ilikuwa ya kupitisha orodha iliyokwisha andikwa. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliyafuta malipo hayo kuanzia Januari 2016, kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Serikali ilianza kwa kutenga takriban shilingi bilioni 18.77 kila mwezi, na ruzuku ya uendeshaji ikapelekwa moja kwa moja katika akaunti za shule. Hilo la mwisho lilikuwa hatua kubwa. Kwa mara ya kwanza fedha zilifika kwa ratiba inayojulikana, na pengo lililoushinda ubao wa MMEM lilizibwa kwa sehemu.

Kiwango chenyewe kilikuwa kidogo. Katika shilingi 10,000 za mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, 6,000 zilikwenda shuleni na 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule yenye wanafunzi 400 ilipata hivyo shilingi 200,000 kwa mwezi za kununulia vifaa, kugharimia mitihani, michezo, ukarabati na uendeshaji. Mlinzi peke yake angeweza kumaliza sehemu kubwa ya fungu hilo.

Ugumu zaidi ulikuwa katika neno. Waraka ulizungumza juu ya elimu bila ada wala michango ya lazima. Majukwaani na mitaani neno lililoshika ni bure. Kati ya maneno hayo mawili kuna umbali mkubwa. Lililofutwa na waraka ni ulazima, ilhali mzazi aliyesikia bure alisikia kwamba shule imekuwa ya serikali yote kabisa, jengo, mtoto na uji wa saa nne. Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ulijaribu kufafanua nani ana wajibu gani: sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa vilibaki kwa mzazi, na michango ya hiari iliruhusiwa kwa utaratibu. Lakini ufafanuzi uliandikwa kwa lugha ya kiofisi na kutumwa kwa maofisa. Mwalimu mkuu aliyesimama mbele ya wazazi kueleza kwamba bure haikumaanisha bure alionekana mwongo, au mbaya zaidi, mpinzani wa Rais. Wengi wao walichagua kunyamaza. Mahali ambapo uji wa shule ulitegemea kilo chache za mahindi kutoka kila kaya, uji ulikoma, na hakuna mkutano ulioitwa kuamua kwamba ukome.

Agizo la Januari 2018 lilikata mzizi wa fitina kwa upande wa walimu, waliokuwa wakilaumiwa kila upande. Lilimtoa mwalimu katika fedha na kumwacha na kufundisha, jambo ambalo vyama vya walimu na wazazi kwa miaka mingi wangeliunga mkono. Kwa upande wa mkutano matokeo yalikuwa mengine. Kamati za shule ziliendelea kuwepo kisheria, na ratiba ya vikao ilibaki ukutani. Katika ajenda yalibaki matokeo ya mitihani, utoro, na taarifa ya ruzuku iliyokwisha pokelewa na kupangiwa matumizi kwa asilimia zilizowekwa na mwongozo. Mzazi aliyetaka kuezeka boma la darasa kwa mabati matano alipaswa kuyapeleka kwa mkurugenzi, na akitaka kujua yamefikia wapi alipaswa kumtafuta diwani, ambaye angeuliza katika baraza la robo mwaka, kati ya swali la kisima na la barabara. Mahojiano yaliyokuwa yakifanyika chini ya mwembe wa shule yalihitaji sasa nauli ya kwenda makao makuu ya halmashauri.